Barafu Gani? Somo la Vikundi Juu ya Maji Yaliyoganda



Somo letu la safari hii huenda likawashangaza baadhi yenu. Mtauliza: sisi watu wa pwani, tunaolala madirisha wazi kwa sababu ya joto, twahusika vipi na theluji na ardhi iliyoganda? Swali hilo ni la haki. Lakini tukizunguka vikundini twasikia mabishano ya namna moja kila redio inapotangaza kwamba barafu ya Mlima Kenya inakwisha. Mmoja husema, basi maji ya bomba Mombasa yatakatika kabisa. Mwingine husema, la, ni bahari itakayopanda ituingilie majumbani. Wa tatu hucheka tu na kusema barafu ni barafu, hata kwa muuza samaki iko.

Wote watatu wanatumia neno moja, lakini kila mmoja ana kitu chake kichwani. Kikundi kikibishana hivyo hakiwezi kupanga kazi, maana hakijui kinaogopa nini.

Hebu tujifunze kwa wavuvi wetu. Mvuvi hasemi "upepo" peke yake. Asema kaskazi, asema kusi, asema matlai. Wala hasemi "maji" tu. Asema maji kujaa, maji kupwa, bamvua, maji mafu. Si kwa sababu apenda maneno mengi, bali akikosea neno atakosea safari, na akikosea safari huenda asirudi. Wanaoishi na kufanya kazi penye baridi kali nao wana majina mengi ya maji yaliyoganda, kwa sababu ile ile. Leo tutayatazama majina hayo, kisha turudi kwenye mabishano yetu tuone nani alisema kweli.

SHABAHA YA SOMO

Mwisho wa somo hili kila mwanachama aweze:
- kutaja aina za maji yaliyoganda na kuzitofautisha;
- kueleza ni barafu ipi inayopandisha bahari na ni ipi isiyopandisha;
- kutumia barafu ya samaki bila kupoteza pesa za kikundi wala kuwaletea watu maradhi.

1. MANENO YETU YALITOKA WAPI

Maneno mawili makubwa tuliyo nayo yalikuja kwa njia ya bahari. "Barafu" latokana na neno la Kiajemi "barf", na huko kwao maana yake ni theluji. Wahindi nao husema "baraf". "Theluji" latokana na Kiarabu "thalj". Kwa hiyo maneno yote mawili huko yalikotoka yaliitwa theluji. Sisi ndio tuliyagawanya: barafu tukaiweka kwa kitu kigumu cha kupoza maji ya kunywa na samaki, na theluji tukaiweka kwa ile nyeupe inayoanguka nchi za baridi. Mgawanyo huo ni mzuri, lakini hautoshi. Wenzetu Wakonzo wanaoishi chini ya milima ya Ruwenzori wana neno lao wenyewe, nzururu, kwa sababu wao huiona theluji kwa macho wakiwa shambani.

2. KISA KILICHOANZIA RABAI

Rabai si mbali na sisi. Ukipita Changamwe na Mazeras umefika. Mwaka 1846 wamisionari wawili Wajerumani waliotumwa na shirika la CMS la Uingereza, Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, walianzisha kituo chao hapo. Mwaka 1848 Rebmann aliondoka Rabai kwa miguu kwenda nchi ya Wachaga, akiongozwa na Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei 1848 aliona kilele cha mlima kilichokuwa cheupe kama kimefunikwa na wingu linalong'aa. Akamwuliza kiongozi wake ule weupe ni nini. Akajibiwa: ni baridi.

Rebmann, aliyezaliwa penye theluji, alitambua mara moja. Mlima wenyewe ni Kilimanjaro. Aliambiwa pia na wenyeji kwamba kitu kile kinachong'aa kama fedha kilipoletwa chini ndani ya vyombo kiligeuka maji matupu, na kwamba kuna waliopanda wakafa kwa baridi au kurudi na mikono na miguu iliyoharibika.

Habari hiyo ilipofika Ulaya, mtaalamu mmoja wa jiografia huko London, William Desborough Cooley, alikataa katakata. Kwake yeye theluji karibu na ikweta haiwezekani. Akabisha kwa miaka mingi. Mwaka 1862 Baron Karl Klaus von der Decken alipanda sehemu ya mlima huo na theluji ikamwangukia mwilini. Hatimaye tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni.

Tupate funzo hapa. Bwana Kheri hakuwa na neno la kitu kile, lakini alikijua kwa kazi yake: kinaleta baridi. Bwana mkubwa wa London alikuwa na neno, lakini hakwenda kutazama. Sisi tunataka vyote viwili, neno na kutazama.

3. MAJINA YA MAJI YALIYOGANDA

Maji safi huganda yakifika nyuzi sifuri za sentigredi. Maji ya bahari kwa sababu ya chumvi huganda chini kidogo ya hapo, karibu nyuzi 2 chini ya sifuri. Baridi ni ile ile. Kinachotofautisha ni namna maji yalivyoganda na mahali yalipo.

Theluji. Huzaliwa mawinguni. Mvuke wa maji huganda moja kwa moja ukawa vipande vidogo vyenye pembe sita, vinashikana, vinaanguka taratibu kama pamba ya msufi. Theluji mpya ndani yake imejaa hewa, ndiyo maana ni nyepesi na nyeupe. Ukitaka kuamini, kwangua barafu ya friji kwa kisu. Kipande chaonekana kama kioo, lakini ule unga wake ni mweupe. Weupe huo waletwa na hewa iliyo katikati ya chembe.

Firni. Hili ni neno la wataalamu. Ni theluji ya zamani iliyopita msimu bila kuyeyuka yote, ikalaliwa na nyingine juu yake, ikashindiliwa. Si laini tena, wala bado si barafu kamili.

Barafuto. Neno hili limetengenezwa na wataalamu wa Kiswahili kwa kuunganisha barafu na mto, na kwa kweli lafaa. Theluji ikilaliana miaka mingi, uzito wake huifanya barafu nene, na barafu hiyo huanza kuteremka mlima polepole, sentimita kwa sentimita, kama mto mzito. Isipotembea, wataalamu hawaiiti barafuto, huiita pande la barafu tu. Afrika nzima ina barafuto mahali patatu tu: Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori.

Mvua ya mawe. Hii twaijua. Tone la maji hurushwa juu na upepo wa ndani ya wingu la radi, linaganda, linashuka, linarushwa tena, likivaa tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, mpaka linakuwa zito na kuanguka. Sehemu za majani ya chai za Kericho na Nandi zajulikana sana kwa mvua hiyo. Mwezi Septemba 2008 karibu na Nyahururu watu waliamka wakakuta kilima chote ni cheupe, wakasema theluji imeanguka Kenya. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe iliyojikusanya na kushikana. Mwaona jinsi macho yanavyoweza kudanganya kama neno halikutafutwa.

Sakitu. Wengine huiita jalidi. Hii haianguki kutoka juu. Usiku ukiwa mtulivu na mbingu haina mawingu, ardhi hupoteza joto lake kwa wingi, na mvuke ulio karibu na majani hugandia pale pale. Asubuhi majani yameungua kama yaliyomwagiwa maji moto. Wakulima wa Kinangop na Limuru waiogopa sana. Msiseme haituhusu. Viazi vikiungua huko juu, sisi twasikia kwenye bei ya soko la Kongowea.

Sindano za barafu. Juu ya Mlima Kenya, kupita mita 4,000, mchana kuna joto la kiasi na usiku maji yaliyo udongoni huganda. Huota kama sindano nyembamba zinazoinua udongo juu, na jua likitoka zinayeyuka udongo unaanguka. Hivyo kila siku. Mbegu ndogo hung'olewa kabla ya kushika mizizi. Ndiyo maana huko kumebaki mimea yenye ujanja wake, kama lobelia kubwa ambayo huhifadhi maji katikati ya majani yake. Usiku yale maji huganda juu tu, na chipukizi chini yake hubaki salama.

Ardhi iliyoganda. Wataalamu huiita pamafrosti. Ni udongo au mwamba uliokaa chini ya nyuzi sifuri kwa miaka miwili au zaidi mfululizo bila kupata joto. Iko maeneo makubwa ya Urusi, Alaska na Kanada. Angalieni: hii si barafu yenyewe. Yaweza kuwa na barafu nyingi ndani yake au kidogo sana. Kinachoipa jina ni baridi yake. Wala haiyeyuki. Nyama ukiitoa friza huilegeza, huiyeyushi, maana barafu iliyo ndani ndiyo inayoyeyuka na nyama yabaki. Ardhi nayo ni hivyo, isipokuwa ikilegea nyumba zilizojengwa juu yake hutitia na barabara hupasuka. Tena majani na mizizi iliyofungiwa humo maelfu ya miaka huanza kuoza na kutoa hewa zinazoongeza joto la dunia nzima.

Barafu ya bahari. Ni maji ya bahari yenyewe yaliyoganda juu, huko kwenye ncha za dunia. Inaelea.

Siwa barafu. Ni pande kubwa, pengine kama mtaa mzima, lililokatika kutoka barafuto ya nchi kavu likaingia baharini na kuelea. Sehemu kubwa yake iko chini ya maji. Ndicho kitu kilichozamisha meli ya Titanic mwaka 1912.

Barafu kavu. Hii tuiseme ili watu wasidanganyike. Si maji kabisa. Ni hewa ya kaboni iliyogandishwa kwa baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, hutumika kusafirisha dawa na vyakula. Haiachi maji, yageuka hewa tu. Ukiishika kwa mkono mtupu yaunguza, na ukiifungia chumbani humaliza hewa ya kupumua. Ukiikuta kwenye mzigo, usiwape watoto waichezee.

4. MAJARIBIO MAWILI YA KUFANYA KIKUNDINI

Jaribio la kwanza. Tafuteni gilasi mbili, vipande vya barafu na kichungio cha chai. Gilasi ya kwanza tieni vipande vya barafu, kisha mjaze maji mpaka ukingoni kabisa. Gilasi ya pili jazeni maji matupu mpaka ukingoni, halafu wekeni kichungio juu yake na barafu ndani ya kichungio, isiguse maji. Wekeni zote mbili kwenye sahani kavu, muendelee na mkutano.

Baada ya nusu saa hivi tazameni. Gilasi ya kwanza barafu imeyeyuka na maji hayakumwagika. Gilasi ya pili imemwagika. Kwa nini? Barafu inayoelea tayari imekwisha kuchukua nafasi yake ndani ya maji. Ikiyeyuka, maji yake yanaenea nafasi ile ile. Lakini barafu iliyokuwa nje ya maji inaongeza maji mapya.

Jaribio la pili. Jazeni chupa ya plastiki maji mpaka juu, mfunge kifuniko, muiweke friza ya jirani usiku kucha. Msitumie chupa ya kioo. Asubuhi mtaikuta imevimba. Maji yakiganda hutanuka karibu sehemu moja katika kumi na moja. Ndiyo sababu barafu inaelea, na ndiyo sababu miamba ya milimani hupasuka maji yakigandia ndani ya nyufa.

5. TURUDI KWENYE MABISHANO YETU

Yule wa kwanza alisema maji ya bomba yatakatika barafu ya mlima ikiisha. Tutazame maji yetu yanatoka wapi. Maji ya Mzima, yanayokuja Mombasa kwa bomba kubwa tangu miaka ya 1950, hasa ni mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu na kupenya kwenye mawe ya volkano. Maji ya Marere yatoka Shimba Hills. Ya Tiwi ni visima. Ya Baricho yatoka kando ya mto Sabaki. Hakuna hata moja katika hayo linalotegemea barafuto ya Mlima Kenya. Kwa hiyo hofu yake ni ya kweli, lakini ameielekeza mahali sipo. Kitakachotukaushia mifereji ni kukatwa kwa misitu inayoshika mvua na ukungu, pamoja na mabomba mabovu. Hata Kilimanjaro kwenyewe, maji mengi ya chemchemi yatoka kwenye mvua na msitu, si kwenye barafu ya juu.

Lakini barafu yenyewe kweli inakwisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mlima Kenya ulikuwa na barafuto kama 18. Vipimo vilivyochukuliwa kwa picha za setilaiti mwaka 2021 na 2022 vimeonyesha kwamba barafu yote iliyobaki mlimani hapo haifiki hekta 8, yaani chini ya ekari 20. Kilimanjaro ilikuwa na kilomita za mraba kama 12 mwaka 1912, sasa imebaki karibu 1. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba huenda barafuto za milima hii ya Afrika zikatoweka kabisa kufikia mwaka 2050. Sababu ni mbili zinazoshikana: joto la dunia limepanda, na theluji mpya haianguki ya kutosha kufidia. Kilimanjaro barafu nyingine haiyeyuki hata kidogo, bali hupotea hewani moja kwa moja kwa jua na ukavu, kama vile vidonge vyeupe tunavyotia katika sanduku la nguo kufukuza nondo. Unaviweka vizima, baada ya miezi huvioni, na nguo hazikulowa.

Yule wa pili alisema bahari itapanda. Huyu amesema kweli, ila amekosea barafu. Barafu yote ya Kilimanjaro na Mlima Kenya ikimwagwa baharini leo, hakuna atakayeona tofauti pale Mtongwe. Na barafu ya bahari inayoelea huko kaskazini ni kama ile gilasi yetu ya kwanza, haimwagi. Barafu ya kuangalia ni ile iliyo juu ya nchi kavu, kama kwenye kichungio: Greenland na Antaktika. Barafu ya Greenland pekee, ikiyeyuka yote, yatosha kuinua bahari zote za dunia kwa mita 7 hivi. Hilo si jambo la mwaka mmoja wala la maisha yetu, lakini kuyeyuka kumekwisha anza. Tena kuna sababu ya pili: maji ya bahari yakipata joto hutanuka. Taarifa ya jopo la kimataifa la wataalamu wa tabianchi ya mwaka 2021 yasema kati ya 1901 na 2018 bahari za dunia zimepanda kwa wastani wa sentimita 20.

Sentimita 20 ni kama shubiri moja. Mtu atasema ni kidogo. Muulizeni mvuvi. Bamvua likija sasa laanza safari yake kutoka juu zaidi, na mawimbi ya kusi yanakula ufuo kutoka juu zaidi. Anayejenga ukingoni mwa maji Likoni au kando ya mkono wa bahari wa Tudor na Port Reitz akumbuke shubiri hiyo, akumbuke na nyingine inayokuja. Na anayekata mikoko kwa kuni na boriti anabomoa ukuta wake mwenyewe. Jirani zetu wa Gazi, Kwale, kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja, wameonyesha kwamba kutunza mikoko kwaweza hata kuleta pesa za maji na shule kijijini.

Yule wa tatu alisema barafu ni barafu tu. Naye ana haki kidogo. Barafu ya muuza samaki na barafuto ya mlima ni maji yale yale. Basi tumalizie kwake, kwa maana hapo ndipo pesa za kikundi hupotea kila wiki.

6. BARAFU YA SAMAKI

Vikundi vyetu kadhaa, hasa vya akina mama karanga na wachuuzi, hununua barafu kila siku. Tushike mambo haya.

Kwanza, kinachopoza samaki ni kule kuyeyuka. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunywa joto jingi sawa na la kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi sifuri mpaka nyuzi 80, yaani karibu na chai ya moto. Kwa hiyo barafu iliyoyeyuka juu ya samaki imefanya kazi yake. Iliyopotea bure ni ile iliyoyeyuka njiani, juani, kabla ya kumgusa samaki.

Pili, hifadhini barafu ikiwa pande kubwa, mkaivunje wakati wa kuitumia. Pande kubwa huyeyuka polepole. Vipande vidogo huyeyuka haraka, lakini ndivyo vinavyomgusa samaki kila upande. Mkiweka pande zima juu ya tenga la changu na tafi, wa juu wamepoa na wa chini wameoza.

Tatu, pangeni tabaka: barafu, samaki, barafu, samaki, na juu kabisa barafu. Kwa joto letu, kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki ndicho kipimo cha kukumbuka. Anayetia nusu ili kubana matumizi atalipa zaidi kwa samaki wa kutupa.

Nne, sanduku liwe na tundu chini. Maji yanayotoka yamebeba damu na uchafu. Samaki wasiogelee humo.

Tano, funikeni. Magunia safi, makuti na kivuli huzuia joto. Sanduku lenye ukuta mnene ni bora, na kikundi chaweza kuchanga kulinunua.

Sita, na hili ni la uhai: kuganda hakuui vijidudu. Kipindupindu na homa ya matumbo vyaweza kukaa ndani ya barafu na kuamka ikiyeyuka. Barafu iliyotengenezwa kwa maji machafu ni maji machafu magumu. Kwa hiyo barafu ya samaki isitiwe kabisa kwenye sharubati, wala iliyolala sakafuni isiingie gilasini. Akina mama wanaotengeneza barafu za ukwaju na ubuyu kuwauzia watoto wachemshe maji kwanza, yapoe yakiwa yamefunikwa, ndipo yaingie friza.

Saba, kiwekeni daftari. Kila siku andikeni barafu mliyonunua, samaki mliouza na samaki mliotupa. Baada ya mwezi mmoja daftari litawaambia mnapotezea wapi.

7. MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Redio ikitangaza "barafu inayeyuka", maswali gani mawili tutauliza kabla ya kuogopa? (Ni barafu gani? Iko majini au nchi kavu?)
2. Kwa nini Bwana Kheri aliita theluji "baridi"? Kuna vitu gani vipya hapa kwetu ambavyo twavijua kwa athari zake lakini hatuna jina lake?
3. Maji tunayotumia mtaani kwetu yatoka wapi hasa? Nani anakilinda chanzo hicho?
4. Wazee wanakumbuka bamvua lilikuwa linafika wapi walipokuwa vijana? Sasa linafika wapi? Nendeni mkatazame, muweke alama kwa rangi juu ya jiwe au ukuta, muandike tarehe. Rudini kila bamvua kubwa.
5. Barafu ya samaki tunayonunua yatengenezwa kwa maji gani? Ni nani kati yetu atakwenda kiwandani kuuliza?

Swali la tano lisiachwe bila jina la mtu. Mteueni hapo hapo mkutanoni, na mkutano ujao aanze yeye kutoa ripoti kabla ya mambo mengine.